Mteja Asiyeomba Kupunguziwa

Mpenzi msomaji, mwenzio leo sina ushauri wowote wa ndoa wala uchumba. Leo naungama. Kuna stori yangu nimeikwepa kwenye ukurasa huu kwa muda mrefu, naandika ya wengine, yangu naifunika. Juzi tu hapa ofisini mdogo wetu mmoja, wa chumba cha kupangia kurasa, akaja mezani kwangu macho mekundu. Kauza simu yake kwa mtu ambaye hajawahi kumuona, meseji ya malipo anayo, hela hana. Nikamuuliza swali moja, "Alikuomba umpunguzie?" Akasema hapana. Basi nikajua ni walewale.

Yangu ilikuwa friza.

Niliinunua mwaka 2022 kwa laki nane na nusu, hela ya mchezo nilioupokea, na nilikuwa na mipango yangu mizuri tu. Jumamosi alfajiri nawahi Feri, nanunua changu, vibua na jodari kidogo, narudi nyumbani Tabata nasafisha, nafunga kilo kilo, wiki nzima nagawa kwa wafanyakazi wenzangu na majirani. Ilikwenda vizuri, wacha niseme ukweli, kuna miezi samaki walinilipa karibu nusu ya mshahara. Halafu ukaja mgao wa umeme, ule ulioanza Septemba 2023, unaukumbuka. Asubuhi hakuna, jioni upo, kesho kinyume chake. Mwanamke anaweza kuvumilia mengi lakini si harufu ya jodari aliyeyeyuka na kuganda mara tatu. Mwishoni mwa Oktoba nikawamwaga samaki wa mwisho, nikaifuta friza kwa ndimu na sabuni, nikasema sasa hii naiuza, hela yake iwe ada ya mtoto ya Januari.

Baba watoto akaniambia kuna mama lishe pale kona anaitaka, anatoa laki nne na nusu, taslimu, mkononi. Nikamcheka. Friza ya laki nane na nusu, haina hata mchubuko, niitoe kwa laki nne na nusu kwa sababu mnunuzi anakaa jirani? Nikamwambia wewe mwanaume kazi yako kukubali bei za watu, niachie mimi niliyesoma mambo ya mawasiliano. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Nikaipiga picha nzuri, mlango umefunguliwa na taa inawaka ndani (umeme ulikuwepo siku hiyo), nikaiweka kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni ambao watu wanauziana vitu, bei laki sita, na namba yangu ya simu chini.

Wakaanza kupiga. Kama umewahi kuuza kitu unawajua. "Mwisho ngapi dada?" ndiyo salamu yao. Mwingine anauliza inagandisha kwa saa ngapi, mwingine kama fundi aliwahi kuifungua, mwingine anataka aje na fundi wake apime gesi. Kuna kaka mmoja alitaka tubadilishane na beberu wawili na laki mbili juu. Wote hao niliwaona wasumbufu, na leo hii nikiwafikiria nasema Mungu awabariki, maana wale ndio waliokuwa wanataka friza.

Siku ya tatu akapiga huyu bwana. Sauti ya taratibu, mtu mzima, Kiswahili chake kimenyooka. Samahani dada yangu kwa usumbufu, hivi ile friza bado ipo? Ipo. Laki sita? Laki sita. Basi naichukua.

Hebu fikiria. Katikati ya mgao wa umeme, mtu ananunua friza iliyotumika, haulizi ina umri gani, haulizi inagandisha au haigandishi, haombi hata elfu kumi ipungue. Hapa Bongo hata nyanya za mia tano tunaombea nyongeza! Lakini mimi badala ya kushtuka nikajisifu moyoni kwamba nimepata mteja mstaarabu.

Na hapa ndipo mtanicheka. Akaniambia yuko Dodoma kwenye semina, friza ni ya mke wake, anamfungulia kijiduka cha vinywaji na samaki kule Kibaha, mama hajui kitu, anataka iwe sapraizi. "Si unajua dada, wanawake mnapenda vitu hivi." Mpenzi msomaji, kwenye toleo la mwezi uliotangulia nilikuwa nimeandika ukurasa huuhuu nikiwalalamikia waume wasiojua kuwashtukiza wake zao kwa zawadi. Nikaona huyu sasa ndiye mwanaume niliyekuwa namtafuta, nikayeyuka kama samaki wangu. Hata Baba watoto nilimsimulia kwa kumchoma, eti wenzako wanafungulia wake zao biashara. Akajibu, "Huyo asiyeomba kupunguziwa ana kasoro." Nikamwambia wivu tu.

Ijumaa mchana, mimi niko ofisini tunafunga kurasa za Desemba, meseji ikaingia. Umepokea shilingi 850,000, jina la mtumaji, namba ya muamala yenye herufi na tarakimu, tarehe na saa, kila kitu. Sijamaliza kuisoma, simu ikaita. Ni yeye, anahema kama aliyekimbia. "Dada yangu, nimechanganya! Nilikuwa natuma hela mbili, ya friza na ya fundi wa duka, zimekuja kwako zote. Naomba toa laki sita yako, toa elfu hamsini ya gari la kupeleka mzigo, laki mbili inayobaki nirushie kwenye namba hii nimlipe fundi, amenisimamia hapa kama polisi." Nikapiga hesabu kwa vidole: sita, na hamsini, na mbili. Laki nane na nusu. Imetimia.

Nikatuma laki mbili. Jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza. Akasema ni laini ya mke wa fundi. Haya.

Sasa utaniuliza, kama hela yake haikuingia, hiyo laki mbili niliituma kutoka wapi? Swali zuri, na ndilo linaloniumiza zaidi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, na wiki ile hela za wanachama zilikuwa kwenye simu yangu, laki sita zikingoja Jumatatu kupelekwa benki. Kwa hiyo muamala ulipita bila kikwazo. Ikaja meseji ya kweli ya mtandao, inasema umetuma laki mbili, salio lako ni laki tatu na ushee. Kama zile laki nane na nusu zingekuwa zimeingia kweli, salio lilitakiwa lizidi milioni. Ilikuwa imeandikwa pale pale, kwa tarakimu, kwenye simu ya mtu mwenye digrii. Sikuisoma. (Akina dada wa kikoba, najua mnaisoma habari hii kwa mara ya kwanza hapa. Hela ilirudi yote kabla ya kugawana, niliilipa kwa mshahara wa Novemba. Kikao kijacho nitakuja na maelezo, na nitajiuzulu kama mtataka.)

Nikampigia kaka wa kirikuu. Jina lake nalihifadhi, na utaona kwa nini. Huyu ametuhamisha nyumba mara mbili, na wakati wa biashara ya samaki ndiye aliyekuwa akinibebea masanduku kutoka Feri alfajiri, hajawahi kuchelewa, hajawahi kunipotezea hata mfuko. Nikamwelekeza akachukue friza nyumbani, aipeleke Mbezi, karibu na Stendi ya Magufuli, atapokelewa na vijana wataompeleka mpaka dukani Kibaha. Elfu hamsini nilikuwa nimemwachia dada wa nyumbani, taslimu, kutoka kwenye pochi yangu.

Saa nane na robo akanipigia. Tulikuwa kwenye mabishano makali ya picha ya jalada. Akasema, "Mama, hawa vijana hawataki nifike huko dukani. Wanasema niishushe hapahapa barabarani wao waipandishe gari lao. Moyo wangu haujakaa sawa. Niishushe?"

Nikamjibu, "Shusha tu kaka, ameshalipa."

Jioni nikapitia kwa wakala wa karibu na nyumbani nitoe hela ya ada nikaiweke pembeni. Dada yule akaangalia simu yake, akaniangalia. Salio halitoshi. Nikamwambia haiwezekani, angalia meseji hii hapa. Akaichukua simu yangu, akaivuta meseji juu, akaivuta chini, halafu akasema kwa upole kama daktari anayetoa majibu mabaya, "Dada, hii si meseji ya mtandao. Hii ni meseji ya mtu."

Akanionyesha. Meseji zangu zote za kweli za pesa, tangu nilipoinunua simu ile, zilikuwa zimejipanga sehemu moja chini ya jina la huduma. Hii moja ilikaa peke yake, imetoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Salio halikutajwa. Yaani mtu alikaa akaandika kwa kidole chake "Umepokea", akanitumia kama anavyotuma salamu. Hakukuwa na mtambo wala ujanja wa kompyuta. Na dada wa wakala akaniambia tena kwamba siku hizi wapo wanaoweza kuifanya ije na jina linalofanana kabisa, kwa hiyo hata jina lisikutulize, piga menyu ya simu yako uangalie salio mwenyewe kwa namba yako ya siri. Inachukua nusu dakika. Nusu dakika!

Nikapiga huduma kwa wateja, ile 100. Wakasema laki mbili ilitolewa kwa wakala dakika chache baada ya mimi kuituma, hakuna cha kuzuia. Ningepiga palepale, pengine. Nilipiga baada ya zaidi ya saa tano.

Sasa nifike kwenye kile ambacho hasa nimekaa kukiandika.

Baba watoto alinikuta nimekaa barazani na pochi yangu begani. Hakusema "nilikwambia". Alisema twende kituoni. Na njiani, mpenzi msomaji, badala ya kufikiria ukweli nilikuwa nafikiria nitaonekanaje. Kwamba nimechoma laki sita za ada. Kwamba nimegusa hela za wanawake wenzangu. Kwamba nilimcheka mume wangu kwa laki nne na nusu za mama lishe. Tulipofika kaunta na askari akauliza nani alikuwa wa mwisho na mzigo, nikasema kaka wa kirikuu. Akauliza alitakiwa aupeleke wapi. Nikasema dukani Kibaha. Akauliza kwa nini hakuufikisha. Nikasema sijui.

Sikusema uongo, ndivyo nilivyojiambia. Sikusema tu kwamba alinipigia.

Askari akasema hawa madereva wengi wanashirikiana nao. Nikanyamaza. Tukafungua RB, wakamwita kwa simu, na yule kaka akaja mwenyewe kwa miguu yake akidhani amekuja kunisaidia kutoa ushahidi. Wakamweka ndani Ijumaa ile usiku.

Jumamosi sikula. Mke wake alinipigia mara nne, sikupokea. Nilijipa maneno mengi: labda kweli alishirikiana nao, mbona hakunipiga picha ya lile gari, mbona hakuandika namba zake? Ukitaka kumdhania mtu ubaya akili haikosi vya kukupa.

Jumapili asubuhi Baba watoto aliomba simu yangu aandike namba zote za yule tapeli na saa alizopiga, askari alizihitaji. Akawa anapanga kwenye karatasi, mtu wa hesabu yule. Akafika katikati akasimama. "Hii ya saa nane na robo, ya kaka wa kirikuu, dakika moja na nusu. Alikuwa anasemaje?"

Tuko kwenye ndoa mwaka wa tisa. Nimewahi kumficha bei ya viatu, nimewahi kumficha hela niliyompa mdogo wangu. Sijawahi kuona uso ule. Nilipomweleza hakupandisha sauti, alinirudishia simu, akaenda kuvaa shati. Mlangoni akasema, "Hela tutapata. Vaa twende."

Kituoni nikaandika maelezo ya nyongeza. Askari, siyo yule wa Ijumaa, aliyasoma yote, akayarudia, akanitazama. "Kwa hiyo alikuuliza, na wewe ukamwambia ashushe." Ndiyo. "Na Ijumaa hukulisema hili." Ndiyo. Akaandika. Kuhusu wale matapeli alinieleza bila kunificha kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015, na laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, lakini jina lililotokea kwenye ile laki mbili huenda ni la mama wa watu huko kijijini aliyekwenda kusajili laini moja, akaambiwa aweke kidole mara ya pili kwa sababu "haijasoma", ikatoka laini nyingine asiyoijua. Akaniambia nibonyeze *106# nione laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho changu mimi mwenyewe. Nilibonyeza palepale kaunta. Zangu zilikuwa sawa. Wewe bonyeza leo, kabla hujafunga ukurasa huu, na namba za tapeli zitume 15040 wazifungie. Friza sikuiona tena.

Wakamtoa. Alikuja mkanda ameushika mkononi, viatu havijafungwa, shati lile lile la Ijumaa. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yeye alisema mawili tu.

"Mama, niliuliza."

Wiki iliyofuata tulikwenda kwake Gongo la Mboto, mimi na Baba watoto, kuomba radhi. Mke wake alituletea maji, akasimama mlangoni, hakukaa. Nilimpa bahasha. Kaka akaifungua mbele yetu, akahesabu, akatuambia Jumamosi ile alikuwa na kazi ya kupeleka vyombo vya kicheni pati na Jumapili alikuwa na kazi ya mbao, akataja bei ya kila moja, akachukua hiyo, nyingine akanirudishia. Tukashukuru, tukaaga. Ndani ya gari Baba watoto akasema yule bwana ni mtu mzuri sana, na mimi nikasikia mengine aliyokuwa anayasema bila kuyatamka. Ada ya Januari alikopa yeye kazini kwao. Ilichukua muda mrefu kabla hajaanza tena kunitania mambo ya bei.

Agosti 2024 tukahama nyumba. Nilikaa na namba ya kaka wa kirikuu kwenye kioo cha simu kama dakika kumi nzima kabla sijaibonyeza. Akapokea. Akasema atakuja saa moja asubuhi, na saa moja kasorobo alikuwa getini. Akasalimia vizuri tu, shikamoo za watoto akaitikia, akapanda juu ya gari kufunga kamba mwenyewe kama zamani. Kabla ya kuondoka akaomba malipo yake yote mbele, taslimu. Nikampa, akahesabu, akaweka mfukoni.

Halafu akatoa simu yake, akaifungua sehemu ya kurekodi sauti, akainyoosha karibu na mdomo wangu. "Mama, naomba useme hapa. Mzigo ni wa nani, tunaupeleka wapi, na nani anapokea."

Nikainama kidogo, nikataja jina langu, nikataja nyumba mpya, nikasema napokea mimi mwenyewe.